Mnyama au Nyama? Kiswahili na Windo Lililojeruhiwa na Kupotea katika Nyanda za Babati

1.0 Utangulizi

Mwindaji anapoachia mshale na mshale huo ukampata swala, moja kati ya mambo mawili hutokea. Swala huanguka papo hapo, au hukimbia na mshale mwilini, akaingia kichakani na kutoweka. Hali ya kwanza haiisumbui lugha: mwindaji ameua, na mnyama amekuwa nyama. Hali ya pili huisumbua sana. Je, mwindaji amepata au amekosa? Mnyama huyo ni hai au ni mfu? Akiokotwa keshokutwa na mtu mwingine, ataliwa au ataachwa? Na kabla hajaonekana, asemwe kwa njeo ipi?

Mhadhara huu unachunguza namna Kiswahili kinavyoyabeba maswali hayo. Mifano yake inatoka zaidi katika nyanda zinazouzunguka mji wa Babati, mkoani Manyara, ambako uwindaji wa upinde na mshale haujawa habari ya makumbusho. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili kina nyenzo za kutosha, za kimsamiati na hasa za kisarufi, za kueleza hali ya mnyama aliyejeruhiwa na kupotea, na kwamba kuzitumia bila uangalifu kuna gharama. Gharama hiyo mara nyingine ni nyama iliyooza porini. Mara nyingine ni maisha ya mtu.

2.0 Babati: Njia Panda ya Lugha

Mji wa Babati uko kwenye makutano ya barabara za kwenda Arusha, Dodoma na Singida, jirani na Ziwa Babati na Mlima Kwaraa. Umekuwa makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Kwa mwanaisimu, umuhimu wa mahali hapa ni mkubwa kuliko ukubwa wa mji. Katika masafa yasiyo marefu husikika Kimbugwe na Kirangi, ambazo ni lugha za Kibantu. Kigorowa na Kiiraqw, ambazo ni za Kikushi. Na Kibarbaig, ambacho ni lahaja ya Kidatooga katika kundi la Kiniloti. Magharibi, katika bonde la Yaeda wilayani Mbulu na kuelekea Ziwa Eyasi, kuna Kihadza. Kusini, upande wa Kondoa, kuna Kisandawe. Hizi mbili ni lugha za vidoko. Joseph Greenberg aliziweka mwaka 1963 katika kundi la Khoisan, lakini hadi leo Kihadza hakijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote.

Wahadza ni watu wapatao kati ya 1,000 na 1,500, na baadhi yao bado wanategemea asali, mizizi, matunda na nyama ya porini kwa sehemu kubwa ya chakula chao. Mwaka 2011 jamii za Wahadza wa bonde la Yaeda zilipata hatimiliki ya kimila juu ya sehemu ya ardhi yao. Wengi wao huzungumza Kiswahili kama lugha ya pili. Kwa hiyo Kiswahili ndicho ambacho Mhadza, Mwiraqw, Mbarbaig na askari wa wanyamapori hukitumia wanapokutana na kuulizana juu ya alama ya damu iliyokatiza njia. Taaluma ya kufuatia mnyama aliyejeruhiwa imo katika lugha nyingi. Taarifa yake hutolewa katika lugha moja.

3.0 Majina ya Zana na ya Wanyama

Jina la kale la upinde katika Kiswahili ni uta, ambalo wingi wake ni mata. Neno hili lina jamaa zake katika lugha nyingi za Kibantu, jambo linaloonyesha kuwa zana yenyewe ni ya zamani sana miongoni mwa wasemaji wa lugha hizo. Kamba ya upinde ni upote, ala ya kuchukulia mishale ni podo, na ncha ya mshale huitwa chembe au kigumba. Maneno haya yamo katika kamusi, ingawa wanafunzi wengi wa leo huyakuta kwanza katika tenzi kabla ya kuyasikia kinywani mwa mtu. Upande wa pili, sumu na jeraha ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Hivyo sentensi moja inayoeleza mshale wa sumu uliomjeruhi mnyama hubeba tabaka mbili za historia ya lugha.

Upande wa wanyama, mtafsiri hukutana na tatizo. Hadithi nyingi za Ulaya na Asia juu ya mnyama aliyechomwa mshale humhusu mnyama wa familia ya Cervidae, ambaye hayupo kiasili Afrika kusini mwa Sahara. Pembe zake huanguka na kuota upya kila mwaka, ilhali pembe za swala hudumu maisha yake yote. Watafsiri wa Biblia ya Union Version, iliyochapishwa kamili mwaka 1952, walilikabili tatizo hilo kwa kutumia neno ayala. Wengine hutumia kulungu au paa. Uamuzi wa namna hii hauna dosari katika ibada au ushairi. Katika kueleza ufuatiaji, hata hivyo, jina lina uzito, kwa sababu digidigi, swala pala, tandala na pofu hawakimbii umbali mmoja, hawajifichi mahali pamoja, wala hawaachi unyayo wa aina moja. Mfuatiaji akiambiwa tu kwamba “swala amejeruhiwa” atauliza kwanza: swala gani?

4.0 Kupata, Kukosa, Kupoteza na Kupotewa

Utata wa tukio lenyewe unaonekana waziwazi katika vitenzi. Tuseme mshale umemgusa mnyama na mnyama hajulikani alipo. Mzungumzaji ana uchaguzi ufuatao:

(1) Mshale umempata swala.
(2) Mwindaji amempata swala.
(3) Mwindaji amemkosa swala.
(4) Mwindaji amempoteza swala.
(5) Swala amempotea mwindaji.
(6) Mwindaji amepotewa na swala.

Kitenzi kupata kina maana mbili zinazokutana hapa na kupingana. Katika (1) maana yake ni kufikia na kugusa. Katika (2) ni kujipatia. Sentensi ya kwanza inaweza kuwa kweli na ya pili ikawa uongo, ingawa kitenzi ni kilekile na yambwa ni ileile. Kilichobadilika ni kiima. Mshale umepata, mwenye mshale hajapata. Kwa mwindaji aliyerudi mikono mitupu, umbali kati ya sentensi hizo mbili ndio msiba wote.

Kitenzi kukosa kina utata unaofanana. Sentensi (3) inaweza kumaanisha kwamba mshale ulipita pembeni, na inaweza pia kumaanisha kwamba swala hakupatikana hatimaye. Tofauti si ndogo. Katika maana ya kwanza mnyama ni mzima na anaendelea na malisho yake. Katika maana ya pili yuko mahali fulani na chembe ya chuma mwilini. Msikilizaji anayeambiwa tu “amemkosa” hana njia ya kujua kama kuna kiumbe kinachoteseka kichakani. Ikumbukwe pia kuwa nomino kosa inatokana na kitenzi hiki, na kwa hiyo lawama haiko mbali.

Sentensi (4), (5) na (6) hugawa wajibu kwa namna tatu. Kupoteza ni kauli ya kutendesha: mwindaji ndiye aliyesababisha upotevu, pengine kwa pupa, pengine kwa kuchelewa. Katika (5) swala ndiye mtenda, na mwindaji ni mtu ambaye jambo limemfika, kama asemavyo mtu kwamba ufunguo umempotea. Katika (6) kauli ya kutendwa humweka mwindaji mahali pa aliyefikwa na hasara, jirani kabisa na kufiwa na kuibiwa. Lugha haimlazimishi mwindaji kukiri wala kukana. Humpa ngazi tatu, na ngazi atakayosimama huwaambia wenzake anavyoliona tukio.

Hasara yenyewe ni halisi. Utafiti wa Kristen Hawkes, James O’Connell na Nicholas Blurton Jones miongoni mwa Wahadza katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba, kwa wastani, mwindaji mmoja alijipatia mnyama mkubwa mmoja hivi kwa kila siku 30 za kuwinda. Kwa kiwango hicho, mnyama aliyepatwa na mshale kisha akapotea si jambo la kufidiwa kesho asubuhi. Aidha, nyama ya mnyama mkubwa kwa Wahadza si ya mwindaji peke yake, hugawanywa kambini. Mmoja hupotewa, wengi hulala na njaa ya nyama.

5.0 Kusubiri na Kusoma Dalili

Wawindaji wa upinde wanakubaliana, popote walipo, kwamba kosa kubwa baada ya kumpiga mnyama ni kumkimbilia. Mnyama asiyefukuzwa hulala karibu; anayefukuzwa hukusanya nguvu na kwenda mbali, na pengine damu yake hukatika njiani. Kwa hiyo mwindaji husimama kwanza. Hukumbuka mnyama aliposimama, alivyoruka na alikoelekea. Kisha husoma ardhi.

Damu nyekundu angavu yenye povu huashiria mapafu, na mnyama huyo kwa kawaida hafiki mbali. Damu nzito iliyokoza huashiria ini. Hapo kusubiri kwa saa kadhaa kuna faida. Damu haba iliyochanganyika na majimaji ya tumbo na majani yaliyosagwa ni habari mbaya kuliko zote, kwa sababu mnyama ataishi muda mrefu akiwa na maumivu, na alama zake zitakuwa chache. Zaidi ya damu kuna unyayo uliozama upande mmoja, nyasi zilizolala, jani lililogeuzwa, na nzi.

Kwa Wahadza, sumu huongeza hesabu nyingine. Hutengenezwa kwa utomvu wa waridi la jangwani, yaani Adenium, au kwa mbegu za Strophanthus eminii, nayo huvuruga mapigo ya moyo mpaka moyo usimame. Wagiriama na Wakamba wa Kenya wametumia mti wa Acokanthera, ambao sumu yake hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Sumu ya namna hii haihitaji jeraha kubwa, lakini huhitaji muda. Mwindaji anayempiga mnyama mkubwa jioni hurudi kambini, na asubuhi huondoka na wenzake kufuatia. Usiku huo ndio wenye hatari: fisi na simba nao hufuata damu, wala hawangoji mapambazuko.

Kiswahili hutofautisha dalili, alama na ishara kwa namna inayofaa kabisa kazi hii. Ishara hutolewa na mtu kwa kukusudia. Alama aghalabu huwekwa au huachwa. Dalili hujitokeza yenyewe na kuelekeza kwenye jambo lisiloonekana, kama methali isemavyo kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Tone la damu juu ya jani ni dalili. Mnyama hakukusudia kumwambia mtu chochote. Mwanahistoria Carlo Ginzburg, katika insha yake ya mwaka 1979, aliona kazi ya mwindaji kuwa chimbuko la namna ya kufikiri ambayo baadaye ilitumiwa na mganga, mpelelezi na mwanahistoria. Louis Liebenberg, katika kitabu alichokitoa mwaka 1990 juu ya wafuatiaji wa Kalahari, alikwenda mbali zaidi na kudai kuwa sayansi yenyewe ilianzia kwenye nyayo.

Kisarufi, hoja hiyo ina ushahidi katika Kiswahili. Linganisha:

(7) Swala amekufa.
(8) Swala atakuwa amekufa.
(9) Huenda swala amekufa.

Sentensi (7) ni ya aliyeona. Sentensi (9) ni ya asiyejua. Sentensi (8) haiko huku wala kule. Ina kitenzi kisaidizi chenye kiambishi cha wakati ujao, lakini haisemi lolote juu ya wakati ujao. Inasema kwamba, kwa dalili zilizopo na kwa muda uliopita, kifo ndicho hitimisho linalofaa. Ni sentensi ya mtu aliyehesabu povu la damu na saa za usiku. Mfuatiaji stadi hasemi (7) mpaka amguse mnyama, wala hajifichi nyuma ya (9) ilhali dalili zimeshasema.

6.0 Mnyama, Nyama na Kibudu

Katika lugha nyingi za Kibantu neno moja hutaja mnyama aliye hai na nyama iliyomo chunguni. Kiswahili Sanifu kimeyatenga kwa kiambishi: mnyama amepata m- ya ngeli ya viumbe, na nyama imebaki kwa mlaji. Kwa kawaida mpaka huo huvukwa kwa kisu, mara moja, mbele ya watu. Aliyejeruhiwa na kupotea huvuka mpaka huo bila shahidi. Mpaka atakapopatikana, hakuna awezaye kusema kwa hakika kama anatafuta mnyama au nyama.

Kihadza hukabili mpaka huohuo kwa njia ya ajabu. James Woodburn, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeanza utafiti kwa Wahadza mwishoni mwa miaka ya 1950, pamoja na wanaisimu waliomfuata, wameeleza kuwa lugha hiyo ina takriban majina kumi na mawili ya pekee ya wanyama waliokufa. Pundamilia aliye hai ni dongoko. Akishauawa au akikutwa mfu, hutangazwa kwa neno hantayii. Twiga naye ana jina moja la uhai na jingine la mauti, na neno la mauti halitokani na lile la uhai. Majina hayo ni ya kutangazia. Kwa sababu hiyo mwindaji aliyempiga pundamilia jioni na kurudi kambini bila kumwona ameanguka hana la kutangaza. Neno lipo, haki ya kulitamka bado.

Kiswahili hakina jina la ushindi la namna hiyo, lakini kina majina ya kushindwa. Mnyama aliyechelewa kupatikana anaweza kuwa mzoga, kibudu au nyamafu. Mzoga ni neno la hali ya mwili tu. Kibudu na nyamafu ni maneno ya hukumu: mnyama amekufa bila kuchinjwa kisheria, na kwa Mwislamu haliwi. Je, swala aliyepigwa mshale kwa jina la Mwenyezi Mungu kisha akapotea usiku kucha ni kibudu? Suala hili ni la kale. Katika hadithi iliyopokewa kutoka kwa Adiyy bin Hatim, na ambayo imo katika mikusanyiko ya Bukhari na Muslim, mwindaji anayemkuta mnyama wake baada ya siku moja au mbili, na hana alama nyingine isipokuwa ya mshale wake, ana ruhusa ya kumla; akimkuta ameanguka majini, asimle. Wanazuoni wamejadili kwa kina mipaka ya ruhusa hiyo. La kuzingatia kiisimu ni kwamba jina la mnyama hutegemea ushahidi, si mwonekano wa nyama. Alama moja ya jino la fisi yatosha kubadilisha nomino.

7.0 Hajapatikana na Hakupatikana

Nyenzo muhimu kuliko zote ni ndogo kuliko zote, nayo ni kiambishi -ja-. Linganisha:

(10) Nyati hajapatikana.
(11) Nyati hakupatikana.
(12) Nyati amepotea.

Sentensi (10) huacha jambo wazi: msako unaendelea, au unapaswa kuendelea. Sentensi (11) hulifunga. Sentensi (12) haisemi hata kwamba nyati huyo alijeruhiwa. Msikilizaji anaweza kudhani amehama tu. Katika vijiji vya Wilaya ya Babati vilivyo kwenye mapito ya wanyama kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, kama Kwakuchinja, tofauti hii si ya darasani. Nyati mwenye jeraha hujificha kwenye kichaka kinene na kumshambulia anayemkaribia. Mama anayekwenda kuokota kuni asubuhi anahitaji kusikia kwamba kuna nyati aliyejeruhiwa ambaye hajapatikana, na upande alikoelekea. Akiambiwa “amepotea” tu, hakuna uongo uliosemwa, wala hakuna onyo lililotolewa.

Sheria na kanuni nazo zina njia yake ya kufunga jambo. Katika uwindaji wa kitalii nchini Tanzania, mnyama aliyejeruhiwa asipatikane huhesabiwa kama aliyeuawa, na ada yake hulipwa. Kwa karani, njeo imekwisha kuamuliwa. Kwa mfuatiaji haijaamuliwa, na ustaarabu wa kazi yake unapimwa kwa muda anaokaa katika -ja- kabla ya kuhamia katika -ku-.

Fasihi ya Kiswahili inalifahamu fundo hili kutoka upande wa pili. Katika utenzi wa Fumo Liyongo uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa mwenyewe, bingwa wa upinde, huchomwa kitovuni na mwanawe kwa sindano ya shaba. Hupiga goti karibu na kisima akiwa ameuvuta uta wake, na hufa katika hali hiyo. Watu wa mji hukaa na kiu kwa siku kadhaa, wakiogopa kumkaribia. Hawawezi kusema “amekufa”. Hawana hata dalili za kutosha za kusema “atakuwa amekufa”. Mji mzima umenaswa ndani ya -ja-, mpaka mwili unapoanguka. Mtunzi alijua kwamba jeraha lisilothibitishwa lina nguvu kuliko kifo kilichoonekana.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba mnyama aliyejeruhiwa kwa mshale na kupotea hukaa katikati ya kategoria ambazo lugha kwa kawaida huziona ziko mbalimbali: kupata na kukosa, mnyama na nyama, amekufa na hajafa. Kiswahili huzigawa hali hizo kwa viima, kauli za vitenzi, njeo na majina. Kihadza huziwekea neno linalozuiliwa mdomoni mpaka mauti yathibitike.

Yafaa basi watunzi wa kamusi wazitenganishe waziwazi maana mbili za kupata na mbili za kukosa kwa mifano ya uwindaji, na waandike msamiati wa kufuatia nyayo kutoka kwa wenyewe wa Yaeda, Babati na Kondoa wakati wangali wanautumia. Yafaa pia walimu wa sarufi waonyeshe kuwa “atakuwa amekufa” na “hajapatikana” ni sentensi za mtu anayewajibika kwa anachokisema. Anayetoa taarifa juu ya mnyama aliyejeruhiwa, awe mwindaji, mwanakijiji au askari, aseme mambo manne: mnyama gani, amepatwa wapi mwilini, ameelekea upande gani, na kwamba bado hajapatikana. Neno la mwisho lisibadilishwe mpaka mtu ameona kwa macho yake.